Kupima hisi za maumivu ya bega: jinsi ya kupata namba unayoweza kuiamini

Kliniki nyingi za tiba ya viungo hupima bega kwa njia mbili: mgonjwa ainue mkono, kisha ataje uchungu wake kati ya 0 na 10. Vipimo vya hisi vinaongeza la tatu. Unampa mgonjwa kichocheo ambacho kiasi chake unakijua, iwe shinikizo, mchomo au baridi, na kuandika pale anapoanza kuumia. Ukilinganisha bega linalouma, bega lisilouma na mguu, unapata fununu kama tatizo limebaki begani au mfumo wa neva umekuwa mwepesi wa kuumia mwili mzima. Vipimo hivi havitakwambia ni kano ipi imechanika, wala havitatenganisha bega lililoganda na ugonjwa wa kano. Kazi hiyo ni ya historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mikono na picha.

Kabla ya kuitumia namba yoyote, jibu swali hili: ukimpima mgonjwa yule yule keshokutwa, naye hajapona wala hajazidiwa, utapata namba ile ile? Na mwenzako wa zamu ya mchana je?

Kipimo kipi uanze nacho

Anza na kizingiti cha maumivu ya shinikizo, yaani kiasi cha kubonyezwa ambacho hisia ya kubanwa inageuka kuwa maumivu. Ndicho chenye uthabiti mzuri zaidi kwa bega, hakihitaji umeme wa ukutani, na kifaa chake kinaingia kwenye begi. Kipimo cha kulimbikiza maumivu kwa michomo ya kurudiarudia kinafuata. Uthabiti wake ni wa wastani. Kipimo cha kuzuia maumivu kwa maumivu mengine, kile cha kutia mkono kwenye maji baridi, kinavutia sana watafiti, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja ndicho kinachoyumba kuliko vyote.

Vipimo vya joto na baridi kwa mashine huanza kwenye 32 °C, hupanda au kushuka kwa nyuzi 1 kwa sekunde, na mashine hujizima ikifika 50 °C juu au 0 °C chini. Mashine hiyo ni ghali na hutaka umeme usiokatikakatika. Nje ya maabara ya utafiti, iacheni. Fedha hizo zitafaa zaidi kwa algomita mbili (vifaa vya mkononi vya kupima shinikizo) na mafunzo.

Algomita na mizani ya jikoni

Algomita ni kipimashinikizo cha mkononi chenye kichwa cha mpira cha mviringo. Chagua kichwa cha sentimita 1 ya mraba na usikibadilishe katikati ya kazi: kichwa kidogo hutoboa ngozi kwa hisia kali, kikubwa husukuma nyama ya ndani, na namba za vichwa viwili hazilinganishwi hata ukigawa kwa eneo. Kifaa kiweze kufika angalau kilo 10. Kama kinasoma kilopaskali, kumbuka kuwa kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni takriban kilopaskali 98. Kama kinasoma nyutoni na kichwa ni cha sentimita 1 ya mraba, nyutoni 1 ni kilopaskali 10. Andika kipimo kimoja tu katika mafaili yote. Kuchanganya kilo na nyutoni kwenye jedwali moja kumeharibu kazi nyingi nzuri.

Cheti cha kiwandani kikipitwa na wakati, si lazima kifaa kisafirishwe nje ya nchi ndipo ujue kama kinadanganya. Nunua mizani ya jikoni ya dijitali inayobeba kilo 10. Kwanza ihakiki kwa maji: weka chombo kitupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina lita 1, halafu 2, 3 na 5 kwa chombo chenye alama sahihi, kila lita ni kilo moja. Sasa simamisha algomita wima juu ya mizani, bonyeza hadi mizani isome kilo 2, shikilia, soma algomita. Rudia kwa 4, 6 na 8. Algomita ikizidi au kupungua kwa kiasi kile kile kila mahali, sindano haiko kwenye sifuri. Ikikosea kidogo chini na sana juu, springi imechoka. Fanya hivi kila Jumatatu na uandike tarehe. Kagua mpira pia: ukipasuka au kuwa mgumu kwa jua la dirishani, ubadilishe na uanze upya hesabu za uthabiti.

Kasi ya mkono

Hapa ndipo wapimaji wengi wanaharibu. Mgonjwa akihisi maumivu, huchukua muda kidogo kusema, na wewe huchukua muda kidogo kuachia. Chukulia jumla ni nusu sekunde. Ukipandisha shinikizo kwa kilo 0.5 kila sekunde, umeongeza robo kilo ya uongo juu ya kizingiti halisi. Ukipandisha kwa kilo 2 kwa sekunde, umeongeza kilo nzima. Mpimaji mwenye haraka atapata namba kubwa, na akirudi wiki ijayo akiwa ametulia, mgonjwa ataonekana amezidiwa ilhali hakuna kilichobadilika ila mkono.

Itifaki ya mtandao wa utafiti wa Ujerumani kuhusu maumivu ya neva, inayofuatwa na wengi, hutumia kilopaskali 50 kwa sekunde, yaani karibu nusu kilo. Wengine hutumia kilo 1. Tunapendelea nusu kilo, kwa sababu kosa la kuchelewa linabaki dogo. Zoezi ni rahisi. Weka programu ya metronomu kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika, simu ikiwa sikioni kwa waya ili mgonjwa asisikie. Bonyeza mizani ya jikoni: pigo la kwanza 0.5, la pili 1.0, la tatu 1.5, hadi ufike 5 kwenye pigo la kumi. Mwenzako aangalie mizani na kutaja kila unapopishana kwa zaidi ya 0.2. Usiguse mgonjwa mpaka ufanikishe mara kumi mfululizo. Kisha ufanye vivyo hivyo juu ya paja la mwenzako, maana nyama inazama na mizani haizami.

Simama vizuri: kiwiko kimekunjwa kidogo, uzito wa mwili ndio unaosukuma, kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili vikizuia kichwa cha algomita kisiteleze. Kikiinama pembeni, ukingo wa mpira unachimba na namba inashuka.

Mahali pa kubonyeza

Sehemu nne zinatosha, kila moja kushoto na kulia.

- Trapezi ya juu: katikati ya mstari kutoka mwiba wa pingili ya saba ya shingo hadi ncha ya nje ya bega.
- Deltoidi ya kati: katikati ya ncha ya nje ya bega na pale msuli unapojishikiza kwenye mfupa wa mkono.
- Infraspinati: chini ya mwiba wa bapa la bega (mfupa uliotokeza mgongoni mwake), katikati ya uwanda wake.
- Msuli wa mbele wa muundi: sentimita 5 chini ya nundu iliyo chini ya goti na sentimita 2.5 nje yake. Huu ndio mlinganisho wa mbali.

Usisogeze kichwa cha algomita kutafuta "pale panapouma zaidi". Ukifanya hivyo umeanza kupima ustadi wako wa kutafuta, na mwenzako atatafuta kwingine. Weka alama kwa kalamu ya ngozi. Kwa ajili ya siku ya pili, laza karatasi ya plastiki angavu juu ya bega, chora makovu, mabaka na ncha za mifupa, kisha toboa tundu mahali pa alama. Mgonjwa akirudi, karatasi inalazwa tena na tundu linakuonyesha pale pale. Sentimita mbili za kukosea kwenye trapezi zinaweza kukuhamisha kutoka msuli laini hadi kwenye ukanda wa msuli uliokakamaa, unaouma kwa kuguswa tu.

Kwa trapezi na deltoidi mgonjwa aketi kwenye kiti chenye mgongo, mkono umelala juu ya mto mapajani. Kwa infraspinati alale kifudifudi, na kama bega haliruhusu, alale ubavu lisilouma likiwa chini. Kwa mguu alale chali. Msuli uliokazwa huonyesha kizingiti kikubwa kuliko halisi.

Maneno unayomwambia mgonjwa

Nchini Uganda, katika chumba kimoja cha kusubiri kunaweza kuwa na mwenye Kiganda, Kilugbara, Kiacholi na Kiswahili. Kila lugha unayoitumia iwe na maneno yaliyoandikwa, yakatafsiriwa na mtu mmoja na kurudishwa na mwingine ili mjue hayakupotoka, na yasomwe kwenye kadi bila kuongezewa. Kwa Kiswahili tumieni kitu kama hiki:

"Mzee, nitakubonyeza polepole. Mwanzo utahisi kubanwa tu. Mara ile kubanwa kunapoanza kuuma, hata kidogo, sema 'hapo', nami nitaachia. Hatupimi uvumilivu. Hakuna jibu la kushinda wala kushindwa."

Sentensi ya uvumilivu usiiache. Wagonjwa wengi humheshimu musawo (mganga, kwa Kiganda) na hawataki kumkatiza; watakunja uso, watashika kiti, na bado waseme "sawa tu, musawo, endelea". Wanajeshi na askari polisi, ambao kati yao Kiswahili ni lugha ya kazi, huwa wagumu zaidi: wamefundishwa kutolia. Dawa yake ni kuuliza baada ya kila mbonyezo wa mazoezi: "Uliposema 'hapo', uchungu ulikuwa ngapi kati ya 0 na 10?" Jibu linalofaa ni 1 au 2. Akisema 5, alikuwa akikupa uvumilivu wake, si kizingiti. Eleza upya, fanya mazoezi mara mbili zaidi kwenye mkono wa mbele wa upande usiouma. Mkalimani akitumika, awe yule yule siku zote mbili. Ndugu wa mgonjwa asitafsiri, maana hujibu kwa niaba yake.

Mpangilio wa kipimo chenyewe

Chumba kiwe na kivuli na utulivu, mgonjwa apumzike dakika 10 baada ya kufika, hasa kama alishuka bodaboda au alipanda kilima. Asubuhi za Kabale ngozi huwa baridi kuliko mchana wa Arua. Mfunike na subiri ngozi ipate joto, na muda wa kipimo uwe ule ule siku zote mbili. Uliza na uandike: dawa za maumivu ndani ya saa 24 (paracetamol, ibuprofen na diclofenac hununuliwa dukani, kwa hiyo uliza kwa majina), usingizi wa jana, kazi nzito ya asubuhi hiyo. Mama aliyebeba jerikeni ya lita 20 kutoka kisimani kabla ya kuja hana bega lile la juzi.

Anza mguuni, kisha bega lisilouma, mwisho bega linalouma. Ukianza na bega linalouma, uchungu wake unaweza kupaka rangi namba zote zinazofuata. Bonyeza kila sehemu mara tatu, ukipumzika angalau sekunde 30 katikati, na uchukue wastani. Mbonyezo wa kwanza mara nyingi hupishana na wenzake. Ndiyo sababu mazoezi hayaingii kwenye hesabu. Mmoja abonyeze, mwingine asome na kuandika, na uso wa kifaa uelekezwe mbali na mbonyezaji. Mtu anayeona sindano huisaidia kufika anapopataka, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Ukifika kilo 10 bila mgonjwa kusema, acha na andika "zaidi ya 10".

Usibonyeze kwenye kidonda, jipu, mvunjiko mpya, wala kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Homa, kukonda bila sababu, uvimbe, au uchungu wa bega la kushoto unaoambatana na kifua kubana: huyo aende kwa daktari kwanza.

Michomo ya kurudiarudia

Tumia kichomeo chenye uzito maalumu cha milinyutoni 256. Choma mara moja, uliza uchungu kati ya 0 na 100. Kisha choma mara kumi, mchomo mmoja kila sekunde, ndani ya eneo la sentimita 1 ya mraba, na uulize uchungu wa mchomo wa mwisho. Itifaki nyingine hugawa namba ya pili kwa ya kwanza, lakini mgonjwa akisema 0 mwanzoni hesabu inakufa. Kutoa ya kwanza kutoka ya pili kunafaa zaidi kliniki. Rudia mara tatu kwa mapumziko.

Vituo vilivyorithi vifaa vya kliniki za ukoma au kisukari huwa na nyuzi za nailoni. Uzi wa gramu 26 unasukuma karibu milinyutoni 255, na unaweza kutumika, ila ncha yake ni butu, kwa hiyo namba zake zilinganishwe na za uzi huo huo tu. Nailoni hulegea kwa unyevu na kwa kutumika mfululizo: baada ya wagonjwa 10, uzi upumzike siku nzima. Sindano ya hospitali isitumike kabisa, maana huwezi kujua inasukuma kwa nguvu gani na inatoa damu.

Maji baridi

Pima kizingiti cha mguu, kisha mgonjwa atumbukize mkono wa upande usiouma hadi kifundo kwenye maji ya 10 hadi 12 °C kwa dakika moja, na mara autoapo pima mguu tena. Kizingiti kikipanda, breki za maumivu zinafanya kazi. Maji yaliyotulia hujenga tabaka vuguvugu kuzunguka mkono, kwa hiyo yakoroge muda wote. Barafu iwe nyuma ya wavu isiguse ngozi, na kipimajoto kisitoke ndani ya beseni. Kabla ya kurudia, subiri robo saa.

Mwenye selimundu asifanyiwe kipimo hiki, wala kile mbadala cha kufunga mkono kwa mkanda wa presha. Baridi na kuzuiwa damu vinaweza kuamsha shambulio, na Uganda ina wagonjwa wengi wa selimundu. Uliza waziwazi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au vidole vinavyogeuka vyeupe kwa baridi pia aachwe.

Kujua kosa lako

Tafuta wagonjwa wasiopungua 30 wenye bega linalouma ambao hali yao haibadiliki haraka. Wapime leo na tena baada ya siku 2 hadi 7. Chini ya hapo, nyama inaweza kuwa bado inauma kwa kubonyezwa kwa mwanzo. Ukilinganisha wapimaji, nani aanze kuamuliwe kwa kura, na kila mmoja afiche namba zake. Siku ya pili muulize mgonjwa kama bega ni lile lile, bora au baya zaidi, na hesabu ya uthabiti ifanywe kwa waliosema lile lile. Lipia nauli ya kurudi, la sivyo watakaorudi ni wa karibu tu. Kama ni utafiti, unahitaji kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza.

Watu wengi hukimbilia kigawo cha uthabiti kinachoitwa ICC, ambacho kikikaribia 1 ni kizuri: chini ya 0.5 hafifu, hadi 0.75 wastani, hadi 0.9 kizuri, juu ya hapo bora sana. Kiripotiwe, na useme ni cha mbonyezo mmoja au wastani wa mitatu, kwa makubaliano kamili (namba zenyewe zilingane) na si kwa kufuatana tu (zipande na kushuka pamoja). Lakini kigawo hiki peke yake kinalaghai. Chukua kosa la kipimo la kilo 0.4. Ukiwapima pamoja wabeba mizigo wa soko la Owino, Kampala, na wazee wenye bega lililoganda, namba zitatawanyika sana. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, ukiwa 1.5, ICC inatoka 0.93. Ukiwapima wazee peke yao, mkengeuko 0.7, ICC inashuka hadi 0.67. Mkono ni ule ule, algomita ile ile, kosa lile lile. Kilichobadilika ni umati.

Kwa hiyo tafuta kosa kwa kilo. Kwenye jedwali la kompyuta, toa namba ya siku ya pili kutoka ya siku ya kwanza kwa kila mgonjwa. Wastani wa tofauti hizo ni upendeleo: ukiwa mbali na sifuri, kuna kasi iliyobadilika au nyama iliyoumia. Mkengeuko sanifu wa tofauti ugawe kwa 1.41 upate kosa sanifu la kipimo, au uzidishe kwa 1.96 upate badiliko dogo kabisa linaloweza kuaminika kwa mgonjwa mmoja. Mfano wa hesabu: mkengeuko wa tofauti ni kilo 0.5, basi kosa sanifu ni 0.35 na badiliko dogo kabisa ni 0.98. Mgonjwa aliyetoka 2.8 hadi 3.5 baada ya wiki sita za mazoezi amepanda kilo 0.7, na hiyo bado imo ndani ya kelele ya kipimo. Usimwandikie kuwa kizingiti kimepanda.

Chora pia tofauti dhidi ya wastani wa kila mgonjwa, kama Bland na Altman walivyopendekeza mwaka 1986. Nukta zikitanuka kadiri namba zinavyokua, jambo la kawaida kwa shinikizo, geuza namba kuwa logi (logarithimu) kabla ya kuhesabu, la sivyo utawaonea wenye vizingiti vidogo kwa kuwapa kosa la wenye vikubwa.

Badiliko dogo kabisa liandikwe ukutani karibu na kitanda cha kupimia, moja kwa kila sehemu ya mwili, kwa sababu la mguuni mara chache hulingana na la deltoidi. Akija mpimaji mpya, namba hizo si zake mpaka naye apitie mizani, metronomu na wagonjwa wake wa kurudiwa.